Chagua Ufukwe, Shernel

Kwetu Tobago mtu hachagui ufukwe kwa sababu ya maji. Maji yapo kila upande, nani ana shida nayo? Unachagua kwa kuangalia nani atakuona. Castara yupo Bi Hyacinth, binamu yake mama, anauza mikate pale karibu na mchanga na jicho lake halilali. Parlatuvier anakaa shemasi wa kanisa letu. Mount Irvine wapo vijana wa kuteleza kwenye mawimbi, na katikati yao yupo yule Candis aliyewahi kuwa na Kerwin, ambaye sitaki hata salamu yake. Store Bay ndiyo usiseme kabisa. Madereva teksi wa pale wanampigia simu shangazi Eudine kabla hujavua viatu. Miaka yote tuliyopendana mimi na Kerwin tulikuwa tunahesabu ndugu kwanza, ndipo tunakwenda kuoga.

Kwa hiyo Jumamosi ile ya mwisho, aliposimamisha pikapu mbele ya geti la shangazi na kusema, "Chagua ufukwe, Shernel, leo siku yako," nilicheka, ingawa nilikuwa nimelia tangu alfajiri mpaka macho yamevimba.

"Nataka zote," nikamwambia.

"Zote haziingii kwenye siku moja."

"Basi tuanze Store Bay, nikale kaa na madonge ya unga. Halafu Mount Irvine. Halafu Castara. Halafu..."

"Store Bay iko mlangoni pa uwanja wa ndege. Kesho utaiona ukiwa hewani, tena bure. Chagua moja. Ya pili nachagua mimi."

"Loh! Siku yangu, halafu wewe unachukua nusu?"

"Sasa mimi nusu yangu nitaipata lini?" Alisema kwa utani, lakini macho yake hayakuwa kwenye utani.

Shangazi Eudine akatoka jikoni anafuta mikono kwenye aproni. Aliizunguka ile pikapu, akainua pembe ya turubai.

"Umebeba nini huku nyuma?"

"Vyombo vya kazi, shangazi. Jioni kuna watu wanaoana."

Hiyo ndiyo kazi yake. Wageni wanapanda ndege kutoka kwao kwenye baridi waje kuoana kwenye mchanga wetu, na Kerwin ndiye anayewasimamishia tao la mianzi, anafunga shashi nyeupe, anapanga viti, anaondoa mwani usimchafue bibi harusi gauni. Wakianza kubusiana yeye anajificha nyuma ya mti wa mkungu asiharibu picha. Kisiwa kizima hakuna aliyehudhuria harusi nyingi kama yeye.

Shangazi akaushika mkono wangu wa kushoto, akaukagua kidole kimoja kimoja.

"Kerwin, mwanangu. Umeona vidole hivi? Vitupu. Nataka virudi hivi hivi. Umenisikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Akirudi na pete, haki ya Mungu naikata pamoja na kidole."

Msidhani alimchukia. Alikuwa akimpikia, akimwekea kiporo, akimtuma kumnunulia dawa. Tatizo lilikuwa makaratasi. Mama yangu alikwenda Brooklyn nikiwa bado mwanafunzi, akaosha vikongwe wa watu mpaka akapata kibali cha kukaa, ndipo akaniombea na mimi. Akaniombea kama binti asiyeolewa. Sharti lake ni hilo moja: mpaka unakanyaga Marekani, usiwe mke wa mtu. Ukiolewa hata siku moja kabla, kila kitu kinakufa. Kwetu watoto wadogo wanalijua hilo kabla ya sala ya Bwana. Ndiyo maana utakuta watu wamezaa watoto watatu na bado wanaitana wachumba. Yolande wa Plymouth alijifanya mjanja, akaolewa kimyakimya akisubiri safari. Mume kwa furaha akabandika picha mtandaoni. Mpaka leo Yolande yupo Plymouth, na mume wala hayupo.

Mimi nilingoja miaka tisa. Kerwin akangoja pamoja nami. Viza ikatoka mwezi wa pili, tiketi mama akanunua mwenyewe, na ndege ilikuwa Jumapili adhuhuri.

* * *

Nilichagua Ghuba ya Mwingereza. Sababu ni kwamba pale hakuna ndugu yeyote, ni msitu tu umeshuka mpaka mchangani. Tulioga. Tulikula samaki wa kukaanga na mkate aliofungashiwa Kerwin na bibi yake, yule bibi aliyemlea, ambaye sasa haoni vizuri na kila jioni anamwita yeye tu. Kerwin alilala chali, kichwa mapajani mwangu, akawa ananitazama kama mtu anayekariri.

"Acha kunitazama hivyo," nikamwambia. "Unanitisha."

"Nitazame nini basi? Kesho saa hizi nitakuwa natazama dari."

"Miezi sita tu, Kerwin. Nakwenda, nakaa miezi sita, narudi tunaoana hapa hapa. Nikishaingia wala sharti halipo tena. Halafu nakuombea na wewe."

"Mimi nimekuambia nataka kuombewa?"

"Sasa nani atakaa na mama kule? Mikono yake imeanza kumkataa. Shangazi ameniambia juzi mama alimwangushia mgonjwa sinia la chakula. Mwenyewe hawezi kunieleza, ananificha."

"Na bibi yangu mimi nimwache na nani? Na jirani?"

Nilianza kumtoa mchanga masikioni, kitu cha kufanya tu.

"Baba yangu alisema miezi minane," akasema. "Alikwenda Canada kuchuma matofaa. Miezi minane, Shernel. Mama akawa kila Ijumaa anapiga pasi shati lake, eti lisikutwe limekunjamana. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka harufu ya ile pasi. Mama amekufa anamngoja mtu aliyekuwa ameshazaa watoto wengine huko. Asiyekuwepo na lake halipo, hiyo siyo methali, hayo ni maisha ya nyumbani kwetu."

"Mimi siyo baba yako."

"Najua. Wewe ni mzuri zaidi, watakuchukua haraka zaidi."

Nikampiga kofi la mzaha begani, akaushika ule mkono, akauweka midomoni, akakaa nao hapo muda mrefu. Nilihisi midomo yake inatetemeka. Jamani, mwanaume mzima, anayebeba mianzi begani kama anabeba mwavuli! Nilitamani siku ile ikwame.

"Twende," akasema ghafla akiinuka. "Ufukwe wangu bado."

"Wapi?"

"Utaona."

* * *

Alinipeleka Ghuba ya Dillon. Njia yake ni mbaya, gari linashuka kama linakwenda kaburini, ndiyo maana watu hawafiki. Tulipotokea kwenye minazi, akasimamisha gari, akashuka, akaanza kupakua zile fimbo za mianzi. Nikadhani kweli wale wateja wake wanaoana pale. Nikamsaidia hata kufunga shashi. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikafunga fundo la upande wa kushoto, na yeye akanionyesha jinsi ya kulificha lisionekane.

"Mbona viti vinne tu?" nikauliza. "Watu gani hawa hawana ndugu?"

Nikasikia gari jingine linashuka. Akatoka binamu yake Rawle, amevaa shati jeupe la mikono mirefu. Akatoka mkewe Rawle na shada la maua ya bogonvilia. Halafu, taratibu, akashuka Bi Verlyn, yule mama mfungisha ndoa, na mkoba wake mweusi anaoujua kila mtu.

Nilielewa kabla hajafungua mdomo.

"Kerwin," nikasema. "Wateja wako wako wapi?"

"Ndio sisi."

"Unasema nini wewe?"

"Shernel, nisikilize..."

"Una wazimu? Nauliza, una wazimu? Kesho nasafiri!"

"Najua kesho unasafiri! Kama mtu mwingine anajua kuliko mimi nimwone!" Sauti yake ilipanda, akaishusha kwa kuwa Bi Verlyn alikuwa anatazama. "Kibali cha ndoa kipo. Mashahidi hao. Bi Verlyn huyo. Sema ndiyo, basi, hatuna haja ya kitu kingine."

"Nikisema ndiyo siwezi kwenda. Unajua siwezi kwenda."

"Najua."

Alilisema lile neno kavu, bila aibu.

"Kwa hiyo unanioa au unanifunga kamba?"

"Vyote viwili," akasema. "Sitakudanganya. Nimekosa njia nyingine. Miaka tisa nawapangia watu viti, nawafagilia mchanga, nakaa nyuma ya mti nasikiliza wanavyoapiana, kisha nakuja kwenu nakaa sebuleni kama mgeni, shangazi anakagua vidole vyako. Nimechoka, Shernel. Nataka mara moja niwe upande huu wa tao."

Angekuwa amenitukana ningejua la kufanya. Mimi mdomo ninao, watu wananijua. Lakini kusimama pale, mtu ninayempenda kuliko pumzi yangu analia mbele yangu na binamu yake anaangalia pembeni kwa haya, sikujua niushike wapi moyo wangu. Nilikuwa na hasira naye, hasira hasa, amenitega kama sungura. Na hapo hapo miguu yangu ilitaka kwenda kusimama chini ya ile shashi. Mungu ndiye shahidi, nilitaka.

Bi Verlyn akanisogelea.

"Binti, alikuambia kuhusu jambo hili?"

"Hapana, Bi Verlyn."

"Nilimuuliza. Akasema atakuambia njiani." Akamtupia Kerwin jicho moja, yeye akainamisha kichwa. "Mimi simfungishi mtu ndoa kwa kushtukizwa. Nikishaandika nimeandika, hakuna kufuta. Nitakaa pale kivulini. Ukiwa tayari niite. Usipokuwa tayari, pia niite."

Nikamwambia Kerwin, "Nataka kuzungumza na mama."

Alifumba macho. "Ukimpigia mama yako, nimekwisha."

"Siwezi kuolewa mama yangu asijue. Hata wewe hungenipenda nikiwa hivyo."

Pale Dillon simu haishiki mpaka upande juu ya jabali la mwisho. Nilipanda peku, mawimbi yananirushia maji miguuni. Simu ikaita, ikaita. Mama akapokea anahema.

"Shernel! Kuna nini? Umekosa ndege?"

"Hapana mama, ndege kesho. Uko kazini?"

"Nimetoka nje kidogo, mzee wangu amelala. We mtoto, unajua nimefanya nini? Nimepaka rangi chumba. Ile ya manjano uliyoipenda ulipokuwa mdogo. Rangi imeingia hadi kwenye nywele, wenzangu wananicheka. Na kitanda kimekuja, kile cha mbao. Nimelala juu yake usiku mmoja kukijaribu, usimwambie mtu. Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

"Samaki. Mama, niko na Kerwin. Anataka tuoane."

"Mtaoana. Ukishafika, ukitulia, nani amekataa?"

"Anataka leo, mama. Niko ufukweni. Bi Verlyn yupo hapa."

Nilisikia magari ya kule kwao yakipita. Nilisikia honi. Nikaitazama simu nione kama imekatika.

"Na wewe unataka?" akauliza.

"Nampenda, mama."

"Hujanijibu. Ila basi, ni jibu." Akakohoa kidogo. Sauti iliporudi ilikuwa imechangamka, ile sauti aliyokuwa akiitumia kila Krismasi alipotutumia pipa la nguo na vyakula, akituuliza viatu vimetutosha, na humo ndani hakosi kuweka jozi ya Kerwin. "Olewa, mwanangu. Kerwin ni mtu mzuri, sina neno naye. Usinifikirie mimi. Kitanda nitampa jirani, ana watoto. Mimi kukaa peke yangu nimeshazoea."

"Mama..."

"Nimezoea, Shernel. Wala siyo vibaya. Mzee ameamka, ananiita. Mungu awabariki, nipigie baadaye uniambie ulivyopendeza."

Akakata. Nilikaa chini juu ya lile jabali na simu mkononi. Angenigombeza ningeolewa siku ile ile, nawaambia kweli. Angenililia, angenikumbusha magoti yake na mgongo wake, ningesema ananionea, ningeshuka na kwenda kusema ndiyo mbele ya Bi Verlyn. Lakini alinipa ruhusa. Ni kama nilimwona kwa macho yangu anarudi mlangoni kwa mzee wake, anafuta uso kwanza ili mzee wa watu asiulize.

Niliposhuka Kerwin alikuwa amesimama pale pale. Alinitazama usoni, hakuhitaji kuuliza.

"Amekukataza."

"Ameniruhusu."

Akashtuka, akanyanyua kichwa. Ile nuru iliyompita usoni! Ningekuwa na uwezo ningekatwa mkono nisiione, maana ni mimi niliyekuwa nakwenda kuizima.

"Siwezi, Kerwin."

"Si ameruhusu?"

"Ndiyo maana siwezi."

"Hilo neno halina maana, Shernel. Halina maana kabisa!"

"Amepaka chumba rangi. Amelala kwenye kitanda changu kukijaribu. Miaka yote ile amekula peke yake, halafu ananiambia amezoea! Nitaishi na wewe vipi, nikilala kila usiku nasikia mtu anasema amezoea?"

"Na mimi? Mimi unaniona nimezoea?"

"Njoo nami basi. Baadaye. Nitakuombea, tutamchukua bibi..."

"Bibi haoni hata njia ya chooni, umpeleke Brooklyn?" Alijifuta uso kwa kiganja, mchanga ukamwachia mistari. "Sikiliza. Sitakushika. Nilidhani nikikuleta hapa, ukiliona tao lenyewe, utasahau. Nilikosea."

"Miezi sita, Kerwin. Nakuapia."

"Usiape." Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniua. "Ukiapa nitangoja. Najijua. Nitapiga pasi mashati. Nakuomba kitu kimoja tu, na ukinipenda utanipa. Ukifika usinipigie."

"Hata kukuambia nimefika?"

"Shangazi ataniambia. Nikisikia sauti yako nitaendelea kungoja, na mimi nimemwona mtu amekufa kwa kungoja. Nipe nafasi ya kuacha."

Nilimkumbatia. Alinikumbatia kwa nguvu, mbavu zikauma, nikasikia moyo wake unagonga kifuani kwangu kama mtu yupo nje anataka kufunguliwa. Sikusema sawa, wala sikusema hapana. Nililia kwenye shati lake mpaka likalowa. Rawle na mkewe wakaingia garini. Bi Verlyn akaukunja mwavuli wake, akapita karibu yetu, akanishika bega.

Hapo ndipo wakatokea wale wageni wawili, kijana na msichana, wamevaa nguo za kuogea, wekundu kwa jua. Walikuwa wameteremka kwa miguu kutoka barabarani. Msichana alipoliona tao akapiga kelele za furaha, akamvuta mwenzake.

"Samahani," akasema kwa Kiingereza cha kuokoteza. "Tunaweza kupiga picha? Kidogo tu. Kabla harusi haijaanza."

Nilitegemea Kerwin awafukuze. Nilitaka awafukuze. Yeye akaniachia taratibu, akajifuta macho, akachukua simu ya yule kijana.

"Simameni hapa," akawaambia. "Dada, kidogo kulia, upepo usikuletee shashi usoni. Kaka, mshike kiuno. Hivyo. Mtazame yeye, usinitazame mimi."

Wakabusiana. Akawapiga picha, moja, nyingine, akachuchumaa apate na bahari. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Msichana akaja kuangalia picha, akafurahi, akamshukuru, kisha akanigeukia mimi niliyesimama pembeni, macho mekundu, miguu imejaa mchanga. Akaviangalia vile viti vinne, na lile shada lililoachwa juu ya kimoja.

"Pazuri sana," akasema. "Bibi harusi yuko wapi?"

Kerwin alikuwa ameshaanza kufungua fundo la shashi, lile la kushoto. Hakugeuka.

"Ameshasafiri," nikamjibu.